Mnunuzi Anakula Wapi?

Anayetoka Mbeya kwenda Tunduma kwa barabara ya TANZAM, akishauvuka Mto Songwe, haendi mbali kabla ya kuingia Nanyala, kata ya Wilaya ya Mbozi. Nyuma yake, upande wa Mbeya, anakiacha kiwanda kinachotengeneza saruji ya Tembo. Kiwanda hicho kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikiwa mali ya umma. Wimbi la ubinafsishaji likakitoa mikononi mwa serikali, na mwaka 2001 kikaangukia kwa Lafarge ya Ufaransa. Mwaka 2015 Lafarge iliungana na Holcim ya Uswisi, na mwishoni mwa 2023 Holcim ikatangaza kuiuzia Amsons, kundi la kampuni za Kitanzania, hisa zake asilimia 65. Katika miaka arobaini mwenye mali amebadilika kila baada ya muda, lakini mawe ya chokaa hayajahama. Jiwe linachimbwa, linasagwa, linaingia katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,400 na ushee, linatoka likiwa klinka, linasagwa tena na kutiwa mfukoni. Nyumba iliyojengwa Nanyala kwa saruji ya enzi za Lafarge haikupata ufa siku Lafarge ilipoondoka. Ukuta ukishakauka haumjui mwenye kiwanda.

Nimeanza na saruji kwa sababu ndiyo biashara ambayo watu wa Songwe wameiona ikinunuliwa na kuuzwa mbele ya macho yao, na kwa sababu itatusaidia kuielewa biashara nyingine inayouzwa kimyakimya zaidi. Hiyo ni biashara ya programu za kuhariri video. Kutoka Nanyala hadi Mlowo, Vwawa na Tunduma, harusi, kipaimara, mahafali na hata mazishi hupigwa picha za video, na picha hizo lazima zikatwe, zipangwe, zitiwe muziki na majina ndipo zimfikie mwenye shughuli. Chombo cha kazi hiyo ni programu, na programu hiyo ina mwenyewe, ambaye aghalabu yuko California, Massachusetts, Berlin, Melbourne au Beijing. Kila baada ya muda huzuka uvumi kwamba mwenyewe anauza, kwamba kampuni fulani inakaribia kumezwa na nyingine. Swali la makala haya ni namna ya kuupokea uvumi huo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Nimeipima kauli hiyo kwa historia ya miaka thelathini na tano ya programu hizi, na jibu ninalolipata ni kwamba uvumi mara nyingi huuliza swali lisilo lake. Huuliza nani atanunua, wakati historia inatutaka tuulize mnunuzi anakula wapi: faida yake hasa inatoka katika kitu gani, na programu hii anaitaka kwa ajili ya nini.

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Mwaka 1987 Bill Warner alianzisha kampuni ya Avid huko Massachusetts, na mwaka 1989 ikaanza kuuza mtambo wa kuhariri kwa kompyuta ambao kizazi chake ndicho Media Composer. Kabla ya hapo filamu ilikatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi, na video ilinakiliwa kutoka kanda moja hadi nyingine kwa mpangilio, kiasi kwamba kubadili jambo la dakika ya tatu kulimlazimu mhariri kurudia kazi yote iliyofuata. Kompyuta iliondoa adha hiyo kwa hila nyepesi: haiigusi picha yenyewe. Inachokihifadhi katika faili la mradi ni maagizo matupu. Chukua kipande namba 14, anza sekunde ya sita, ishia sekunde ya tisa. Kisha chukua namba 22, kishushe sauti, juu yake weka jina la bibi harusi. Picha zimebaki pale zilipo, kwenye diski, na faili la mradi ni kama barua ya mshenga inayosema kila mmoja aketi wapi. Barua hiyo imeandikwa kwa lugha ya programu moja, na aghalabu programu nyingine haiwezi kuisoma ikaielewa yote. Hapa ndipo video inapoachana na saruji. Ukuta haumhitaji tena mwenye kiwanda, lakini faili la mradi linamhitaji mwenye programu kila linapofunguliwa. Akibadili nia, kazi ya jana hufungwa pamoja na ya kesho.

Programu inayojulikana kuliko zote, Adobe Premiere, ilipatikana kwa kununuliwa. Kijana mmoja, Randy Ubillos, alikuwa akiitengeneza katika kampuni ya SuperMac, iliyouza kadi za kunasia video kwenye kompyuta za Macintosh. Mwaka 1991 Adobe iliinunua na kuitoa mwezi Desemba kwa jina la Premiere. Baadaye Ubillos akaenda Macromedia, akaanza programu nyingine iliyoitwa KeyGrip. Macromedia ikaona haiwezi kuimaliza, ikatafuta mnunuzi, na mwaka 1998 Apple ikaichukua pamoja na waliokuwa wakiijenga. Aprili 1999 ikazinduliwa kwa jina la Final Cut Pro, ikiuzwa dola 999, wakati mitambo ya Avid ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Katika ununuzi huu Apple haikuwa ikitafuta faida ya programu. Ilikuwa ikitafuta sababu ya watu kununua kompyuta zake. Steve Jobs alimsimulia mwandishi wa wasifu wake, Walter Isaacson, kwamba aliiomba Adobe imtengenezee programu ya video kwa ajili ya Macintosh na Adobe ikakataa. Mwaka 2003 Adobe iliiacha kabisa Macintosh ilipotoa Premiere Pro, ikarejea huko mwaka 2007. Mwaka huohuo wa 2003 ikatoka filamu ya Cold Mountain, iliyohaririwa kwa Final Cut na Walter Murch, mhariri aliyekuwa amekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa The English Patient aliyoikata kwa Avid. Programu ya dola 999 ikawa imekaa meza moja na ile ya matajiri.

Kwa miaka kumi hivi ununuzi huo wa Apple ulionekana neema tupu. Lakini anayekula kwenye kompyuta huitunza programu kadiri inavyouza kompyuta, na mahesabu yake hubadilika. Programu ya Shake, iliyotumiwa kuunganisha picha za ajabu za The Lord of the Rings, Apple iliinunua mwaka 2002 pamoja na kampuni yake ya Nothing Real. Toleo la Windows likakomeshwa, kwa kuwa Windows haikuwa kompyuta ya Apple. Bei ikashushwa mwaka 2006, na mwaka 2009 programu yenyewe ikazikwa. Halafu Juni 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X kwa dola 299, programu mpya kabisa ambayo haikuweza kufungua miradi iliyotengenezwa kwa Final Cut ya zamani. Mhariri aliyekuwa na miradi ya miaka mitano kwenye diski zake aliamka asubuhi moja akakuta lugha ya barua zake haisomeki katika toleo jipya, na la zamani limekwisha kuondolewa dukani. Wahariri walilalamika hadharani kwa maelfu, na wengi wakahamia Premiere. Hapakuwa na uvumi wowote wa kuuzwa. Mwenyewe alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni hesabu yake kuhusu nani atanunua kompyuta zake miaka inayokuja.

Waliokimbilia Premiere walikuta mwenye nyumba mwingine, naye alikuwa na hesabu yake. Adobe inaishi kwa programu. Haina kompyuta wala kamera za kuuza, kwa hiyo kila shilingi lazima itoke kwenye leseni. Mei 2013 ilitangaza kwamba haitatoa tena matoleo ya kununua moja kwa moja. Yeyote atakayetaka toleo jipya atalipa kila mwezi, na bei ya kifurushi kizima ilikuwa dola 49.99. Asiyelipa, programu humfungia mlango. Kwa studio ya New York hilo ni gharama ya kahawa za ofisi. Kwa mhariri wa Wilaya ya Mbozi, ambaye mapato yake hufuata misimu ya shughuli, ada isiyojua msimu ni mzigo wa namna nyingine kabisa: hulipwa mwezi wenye harusi sita na mwezi usio na harusi hata moja. Ndiyo maana katika eneo kubwa la Afrika Mashariki nakala zisizo na leseni ziliendelea kushamiri, zikija na virusi na bila masasisho.

Sasa turudi kwenye uvumi wenyewe. Oktoba 2010 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Steve Ballmer wa Microsoft alikutana kwa siri na Shantanu Narayen wa Adobe, na kwamba suala la Microsoft kuinunua Adobe liliguswa katika mazungumzo yao. Hisa za Adobe zikapanda kwa zaidi ya asilimia 10 siku hiyohiyo. Ununuzi haukutokea. Waliouza hisa mapema walipata, waliochelewa walibaki na hadithi, na wahariri waliojadili kwa wiki nzima kama Premiere itakufa au itafufuka walikuwa wakijadili kivuli. Linganisha na Septemba 2009, mwaka mmoja kabla, wakati Blackmagic Design ya Australia ilipoinunua da Vinci Systems ya Florida. Ilikuwa kampuni ndogo ya mitambo ya kurekebisha rangi za filamu, na nje ya watu wa fani hiyo hakuna aliyejali. Mtambo mmoja wa da Vinci uliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2010 Blackmagic ikaitoa programu hiyo kwa dola 995, na mwaka 2011 ikatoa toleo la bure. Katika miaka iliyofuata ikaiongezea uwezo wa kuhariri, kisha ikanunua Fusion kwa ajili ya madoido na Fairlight kwa ajili ya sauti, ikazitia ndani. Leo mtu wa Tunduma mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kupakua DaVinci Resolve bila kulipa senti, akahariri harusi nzima kwa halali. Ununuzi uliobadili maisha ya wahariri wa kipato kidogo kuliko mwingine wowote ulipita bila kishindo, na ule uliopandisha hisa kwa siku moja haukuwapo. Lisemwalo halikuwapo, na lililokuwapo halikusemwa.

Kwa nini Blackmagic iligawa bure kilichouzwa kwa bei ya nyumba? Kwa sababu inakula kwenye vyuma: kamera, kadi za video, mitambo ya kuchanganyia picha, meza za kurekebishia rangi. Kila anayezoea Resolve ni mnunuzi mtarajiwa wa kifaa. Ni hesabu ileile ya Apple ya mwaka 1999, na haki inanilazimu kusema inaweza kuishia palepale Apple ilipoishia mwaka 2011, vyuma vikiacha kuuzika. Lakini kwa kadiri mtu anavyoweza kubashiri, kanuni hii hubashiri vizuri kuliko uvumi. Mnunuzi anayeuza vyuma hushusha bei ya programu. Mnunuzi anayeishi kwa programu huifanya ya kupangisha. Mnunuzi wa tatu ni mfuko wa uwekezaji, unaokula kwenye tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na huyu hupunguza gharama akitafuta mteja wa baadaye. Mwaka 2023 zilivuma habari kwamba Avid inatafuta mnunuzi. Safari hii uvumi ulikuwa kweli: Agosti mfuko wa STG wa California ulitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 1.4, na Novemba ukaikamilisha. Hata hapo, aliyejua jibu la swali la nani hakuwa amejua chochote cha kumsaidia kazini. Cha kumsaidia ni kutambua kwamba kampuni iliyoanzishwa na mtu aliyetaka kuhariri video sasa ipo mikononi mwa watu ambao kazi yao ni kununua kampuni na kuziuza.

Pingamizi la kwanza lenye nguvu ni kwamba zipo programu zilizouzwa mara nyingi zikabaki hai. Ni kweli, na mfano bora ni EDIUS. Iliundwa na Canopus ya Kobe, Japani. Thomson ya Ufaransa iliinunua Canopus mwaka 2005 na kuiunganisha na Grass Valley. Grass Valley ikauzwa kwa mfuko wa Francisco Partners, mwaka 2014 ikaenda kwa Belden ya Marekani, na mwaka 2020 kwa Black Dragon Capital. Wenyewe wanne ndani ya miaka kumi na mitano, na programu inaendelea. Vegas nayo ilitoka Sonic Foundry ya Wisconsin mwaka 2003, ikauzwa kwa Sony kwa dola milioni 18, na mwaka 2016 ikahamia Magix ya Berlin. Mifano hii haivunji hoja, inaithibitisha. EDIUS ilidumu kwa sababu kila aliyeinunua Grass Valley alinunua biashara ya mitambo ya vituo vya televisheni, na programu ilikuwa na kazi ya kufanya ndani ya biashara hiyo. Vegas, ndani ya jitu kama Sony, haikuwa na nafasi ya wazi. Ilipofika kwa Magix, kampuni ambayo programu za sauti na video ndizo ugali wake, ikapata mtu anayeihitaji. Kuuzwa si ugonjwa. Ugonjwa ni kukaa kwa mtu asiyekula kupitia wewe.

Pingamizi la pili hutoka kwa vijana, nao wana hoja: siku hizi nani anahangaika na programu za kompyuta? Video inapigwa kwa simu, inakatwa kwa simu, inapandishwa TikTok au kwenye hali ya WhatsApp kabla keki haijakatwa. CapCut ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu ya bei nafuu. Yote hayo ni kweli, lakini CapCut nayo ina historia ya kununuliwa. ByteDance ya Beijing iliichukua kampuni ya Faceu mwaka 2018, na kutoka kwa timu hiyo ikatokea Jianying mwaka 2019, ambayo nje ya China ikaitwa CapCut. Tuulize swali letu: ByteDance inakula wapi? Inakula kwenye matangazo, na matangazo yanahitaji video mpya zisizokatika. CapCut ilitolewa bure ili TikTok isikose chakula, na watu walipokwisha kuizoea, vitu vilivyokuwa bure vikaanza kuhamishiwa upande wa kulipia. Kisha likaja jambo ambalo hakuna mhariri aliyeweza kulizuia. Juni 2020 serikali ya India ilipiga marufuku programu 59 za Kichina, zikiwemo TikTok na programu ya kuhariri ya VivaVideo. Januari 2025 CapCut ilizimwa Marekani pamoja na TikTok kwa sababu ya sheria iliyomtaka mwenye mali auze. Ilirejea baadaye, lakini katika siku hizo mtumiaji alifungua simu akakuta miradi yake iko upande wa pili wa mlango uliofungwa. Uvumi wa nani ataununua mtandao wa TikTok ulijaza magazeti mwaka mzima. Aliyekuwa na nakala za picha zake kwenye diski hakuwa na sababu ya kuusoma kwa hofu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linasema hivi: kwa nini tuwabebeshe wahariri mzigo huu, wakati zipo mamlaka za kulinda ushindani? Hapa saruji inarudi kutufundisha. Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani ambayo tayari ilikuwa na kiwanda cha Twiga, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Saruji Tanga. Tume ya Ushindani iliridhia, wapinzani wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likautengua uamuzi huo. Mpango ukarudi mezani, ukajadiliwa magazetini na bungeni, ukakamilika baadaye, na mwaka 2024 Amsons ikanunua sehemu kubwa ya hisa hizo kutoka kwa Scancem. Mwaka huohuo Amsons ilikwenda Kenya kuitaka kampuni ya saruji ya Bamburi kwa shilingi 65 za huko kwa hisa. Akajitokeza mshindani, Savannah Clinker, akapandisha dau kisha akajiondoa. Na kila hatua ilitangazwa kwa wanahisa kwa mujibu wa sheria. Hata kama mtu hakukubaliana na uamuzi, palikuwa na mlango wa kubisha hodi. Kwa programu za video mlango huo upo Brussels, London na Washington. Desemba 2023 Adobe iliacha mpango wake wa kuinunua Figma, yenye programu ya wabunifu, kwa dola bilioni 20 kwa sababu wasimamizi wa Ulaya na Uingereza waliupinga. Wabunifu wa Afrika Mashariki walinufaika na pingamizi hilo kama jirani anavyonufaika na taa ya barabarani iliyowekwa kwa ajili ya mwingine. Sipuuzi kazi ya Tume yetu, na ingefaa siku moja ianze kuzitazama na bidhaa hizi zinazotumiwa na maelfu ya vijana waliojiajiri. Lakini mhariri aliyepokea malipo ya awali ya harusi ya Jumamosi hawezi kuisubiri siku hiyo.

Wengine husema jibu ni programu huria, ambazo msimbo wake ni wa wote na hakuna awezaye kuzinunua na kuzifunga. Zipo na zinafaa. Kdenlive imekuwapo tangu mwaka 2002, Shotcut ni nyepesi hata kwa kompyuta ya wastani, na zote ni bure kihalali. Ni chaguo la heshima, hasa kwa shule na vyuo vya ufundi vinavyofundisha wanaoanza. Ila neno huria peke yake halitoshi. Lightworks, programu kongwe ya Uingereza iliyohariri filamu nyingi kubwa, ilinunuliwa na EditShare mwaka 2009, na mwaka uliofuata wenyewe wapya wakaahidi kuufungua msimbo wake. Miaka ikapita, msimbo haukufunguliwa, na mwaka 2020 programu ikahamishiwa kampuni nyingine. Ahadi ya mwenye mali, hata iwe nzuri, si mali yako mpaka itimizwe.

Basi mhariri afanye nini na historia hii? Nadhani inamfundisha mambo machache yasiyohitaji mtaji mkubwa. Uvumi wa kuuzwa ukitokea, aanze kwa kutazama vitabu vya anayetajwa: anauza nini, na wateja wake wakubwa ni akina nani. Kama yeye mhariri hamo katika hesabu hiyo hata kwa mbali, ajiandae. Asiweke kazi ya mteja ndani ya programu inayohifadhi kila kitu mtandaoni pekee. Akimaliza harusi, asiridhike na faili la mradi. Atoe nakala kamili ya video iliyokamilika, yenye ubora wa juu, katika umbo la kawaida ambalo programu yoyote huweza kulicheza, na pamoja nayo ahifadhi picha za awali kama zilivyotoka kwenye kamera. Ajifunze kuhamisha mpangilio wake kwa faili za XML au EDL, ambazo programu nyingi husoma hata kama hazisomi yote. Juu ya yote ajifunze kukata. Kujua kwamba sura ya mama mzazi ikae sekunde mbili zaidi kabla ya vigelegele kuanza ni ujuzi usiouzwa pamoja na kampuni. Aliyejifunza vitufe vya Final Cut peke yake alianza upya mwaka 2011. Aliyejifunza kazi alihama na kazi yake.

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ya kile kilichomo kwenye diski hizo. Kwa familia nyingi za Mbozi, video ya harusi ndiyo mahali pekee ambapo sauti ya babu aliyetoa nasaha kwa Kinyiha imehifadhiwa, au sura ya shangazi aliyefariki mwaka uliofuata ikionekana inacheza. Hakuna jumba la kumbukumbu lililoitunza. Imetunzwa na mhariri mmoja katika chumba kimoja chenye feni na kompyuta. Miaka ishirini ijayo mjukuu atakapokuja kuuliza kama ipo nakala, hatauliza kama Premiere ilinunuliwa au Avid iliuzwa tena. Atauliza kama inafunguka. Ng'ambo ya mto tanuri litakuwa likiendelea kuchoma mawe chini ya mwenye mali wa wakati huo, na nyumba za Nanyala zitakuwa zimesimama bila kumtambua. Video ya mjukuu itasimama vivyo hivyo endapo mhariri alimpa baba wa mjukuu huyo kazi iliyokamilika kwenye flashi, akabaki na nakala ya pili, na hakuiacha ikining'inia kwenye barua ambayo tajiri mmoja wa mbali ndiye pekee aliyeweza kuisoma.